Shaba Iliyopakwa Mafuta ya Nazi

Temeke, Jumapili

Mama Zuhura, mke wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, na natumaini barua hii inakukuta homa imekwisha. Zuhura je, kikohozi kimemwacha? Mie sijambo, nala vizuri, na leo nina habari.

Unajua nilichokuwa nikingoja. Mkandarasi anayejenga hospitali hapa huwapa vyumba mafundi wake tu, msaidizi kama mie hapati. Kwa hiyo mnyapara wetu, Mzee Athumani, aliponikabidhi mabomba ya maji moto ya wodi nzima niyaunge mwenyewe, nilijua kuwa kuja kwako huku au kubaki Pangani kunategemea maungio yale.

Nakueleza kwa utaratibu, kama nilivyoandika katika shajara yangu. Kazi kubwa ni ile ya kabla ya moto. Kikata bomba kina kigurudumu chenye makali: unakaza kidogo, unakizungusha, unakaza tena. Ukifanya pupa, bomba linabonyea. Ndani ya tundu hubaki ukingo mkali, nao nauondoa kwa kikwangulio. Mwisho nasugua nje kwa msasa na ndani kwa brashi ya waya, mpaka shaba inakuwa na wekundu wa ndani ya pera.

Alhamisi niliacha ncha zote zinang'aa, nikaenda kula. Niliporudi, nikawasha taa ya kulehemu. Lehemu ikakataa kushika! Ilijikunja vitone, ikadondoka kama maji juu ya jani la gimbi. Mzee Athumani akainama, akanusa bomba.

"Mafuta ya nazi? Unataka kuyakaanga haya?"

Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu Shabani, mzaliwa wa hapa hapa Temeke, akasema, "Ni mie, Mzee. Nimeona zinapendeza, nikasema zisije zikafifia. Bibi yangu ndivyo anavyotunza masinia yake ya shaba."

"Basi kalehemu masinia ya bibi yako! Maji yanafunguliwa kesho asubuhi. Yakivuja, nyie wote wawili mtabeba mchanga."

Kuzikata ncha haikuwezekana, mabomba yangekuwa mafupi. Nikamwambia Shabani alete maji ya moto, sabuni na matambara makavu.

"Na shaba usiiguse kwa vidole."

"Kuitazama je?"

"Kuitazama ruhusa."

Tukaosha, tukakausha. Nikasugua upya kila ncha, nikaipaka papo hapo dawa ya kulehemu, inayosaidia lehemu kushika, na kuiunga kabla sijashika nyingine. Safari hii lehemu ilikimbia kuzunguka ungio lote.

Ijumaa maji yalipofunguliwa, Mzee Athumani alipitisha kipande cha gazeti chini ya kila ungio. Mikono yangu niliiamini. Gazeti lilifika mwisho wa wodi likiwa kavu. Akanitilia mkononi kikata bomba chake, kile nilichokuwa nikikiazima kila siku.

"Kaa nacho. Fundi haazimi."

Shabani akapiga mbinja mpaka waashi wakatoka nje kutazama.

Jana nimepewa ufunguo. Chumba kina dirisha pana, na kuta nimeshazipaka chokaa. Kitanda kipo; chandarua utachagua wewe.

Nisalimie mama yako, aliyenikubali nikiwa sina kazi, na kaka yangu mshonaji. Yeye akusindikize wewe na Zuhura mpaka kituo cha basi. Shangazi anayekaa na Zuhura umwambie tukija kutembea nitamrudishia mtoto akiwa mnene.

Barua hii usiijibu kwa kalamu. Njoo.

Mumeo,
Fundi Rajabu