Ng'ara, Si Ngara

Jumatatu, 12 Mei 2025

Kundi letu limepewa kazi ya mwisho wa muhula: kusanifu gazeti la wanafunzi, nakala mia mbili, ligawiwe Ijumaa chuo kizima. Jina nimetoa mimi — NG'ARA! Wote wakapiga meza. Msanifu pia mimi, jina langu litakaa ukurasa wa kwanza. Nimempigia Baba nyumbani, Bigwa. Kasema nakala ya kwanza yake. Baba kafundisha Kiswahili darasa la tatu miaka thelathini. Mpaka leo anatembea na chaki nyekundu mfukoni. Kibao cha bucha kikiandikwa "nyama ya ngombe", anasimama, anaweka ritifaa yake, kile kialama cha ng', ndipo anaendelea na safari ya msikitini.

Jumanne, 13 Mei

Nimechagua fonti ya kusomeka, herufi zimetulia. Godlisten, mwenyekiti wa kundi, kaikataa. Eti imekaa kama barua ya serikali ya mtaa! Kapakua ya kwake mtandaoni, ya bure, mikia mikia tu. Eti ya kimataifa. Kura nne kwa moja. Haya.

Jumatano, 14 Mei

Nilijua mimi! Fonti yake haina ritifaa. Kila penye ng' kinatokea kiboksi kitupu. Nikasema turudi kwenye yangu. Godlisten akafuta kiboksi, basi.

"Watu wataelewa tu," akasema.

Wataelewa nini? Ngara ni wilaya, iko Kagera huko! Sisi tuko Morogoro, tukifungua dirisha tunaona Uluguru, halafu tunatoa gazeti la Ngara! Editha wa kundi letu akaninong'oneza niache, nisiwaharibie watu maksi. Hata kunong'ona kwenyewe kunataka ritifaa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemfuata mwalimu wetu, Madam Zawadi. Shikamoo, marahaba, kisha nikamweleza yote. Kasema kazi ya kundi, uamuzi wa kundi. Kumbe Godlisten keshapeleka faili kwa mchapaji kule Msamvu, hata kuniambia hakuniambia. Nimelia chooni. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Ijumaa, 16 Mei

Saa nne. Magazeti yamefika. NGARA, kubwa kama bango la mkutano. Chini yake: Msanifu, Yasmin Pazi. Godlisten kabandika moja kwenye ubao wa getini. Mzee Hatibu, mlinzi, kaniuliza kwa upole kabisa hao wanafunzi wa Ngara wamefika lini. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Na Baba kapiga. Atapita hapa kuchukua nakala yake akienda swala ya Ijumaa. Nitamwambia nini?

Saa sita kasoro robo. Nimejifungia darasani na magazeti yote yaliyobaki na maka peni nyeusi. Nakala moja, ritifaa moja. Nimefika ya mia moja na kumi na tatu. Nyingine zimepinda — shauri yao. Naandika hapa napumzisha vidole tu.

Mlango umegongwa. Godlisten. Nimemfungulia, nikarudi kukaa. Kachukua nakala moja, kaitazama weee.

"Kuna mzee getini," kasema. "Ana chaki nyekundu. Analisahihisha gazeti letu pale ubaoni, na watu wamejaa wanamwangalia."

Hajui ni nani. Sijamwambia. Kasimama hapa mbele yangu, mkono kaunyoosha, na sijui anataka magazeti yake au anataka kalamu.