Mgeni wa Mzee Kuka

Gursi, 3 Februari 1986

Mwanangu Tanga,

Pokea salamu zetu na vumbi la huku. Kifua chako kinaendeleaje na unyevu wa huko kwenye kakao? Mimi mzima. Juzi nimeng'oa kisiki ambacho vijana wanne walikikimbia. Anayeandika ni mtani wangu Toe, fundi cherehani. Anasema, "Kisiki chenyewe kilikuwa kibuyu." Msamehe, ni Msamo, na Wasamo wakinusa kichwa cha mbwa chunguni wanasahau adabu.

Mkeo Lamusa amejifungua. Mgeni amefika salama, wa kike. Nimempa maji mlangoni, tone tu, wala sikumuuliza habari za safari. Analala. Akilala anacheka, maana wenzake wa porini, kule alikotoka, bado wanamwita. Tuombe apapende hapa.

Baba yako,
Kuka

Subre, 20 Machi 1986

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kibuyu pia.

Nimefurahi, ila neno lako limenichoma. Mgeni? Yule ni damu yangu! Wale wawili waliotangulia nao uliwaita wageni, wakaondoka kabla hawajatembea. Labda walisikia hawatakiwi. Huyu mwiteni Nongma. Nimemtumia viatu. Mvua zikiisha nakuja.

Mwanao,
Tanga

Gursi, 11 Mei 1986

Mwanangu,

Kifua je? Huku joto limelala juu ya mapaa kama ng'ombe. Toe alipomaliza kunisomea barua yako aliikunja bila kunitania, na Msamo asipotania ujue pamechimbika.

Wewe mwenyewe nilikuita mgeni miaka miwili na ushee. Mtu wa nyumbani anafokewa, anatumwa, anaambiwa ngoja. Mgeni nani amfokee? Anapewa mkeka mzuri, anatazamwa usoni kuona kama ameshiba. Na hazuiwi mlangoni. Wale wawili sikuwafukuza kwa neno hilo, niliwabembeleza nalo. Walipoondoka nililia nyuma ya ghala. Leo nalisema hili mbele ya Msamo, uone lilivyo kubwa.

Viatu nimevificha. Ukimpa mgeni viatu unamwonyesha njia.

Sasa ana homa. Lamusa yuko naye zahanati. Jana mchana nilisinzia, nikawaona wale watoto wa porini, wekundu, wamekaa ukingoni mwa shamba la mtama wanampungia mkono. Nikaenda nikakaa katikati yao. Nikawaambia, "Subirini, nina kisa." Nikawasimulia jinsi nilivyompanda simba mpaka sokoni. Nikasimulia, nikasimulia, mtama ukakua tukiwa tumekaa. Mmoja akaniuliza, "Simba alikula nini njiani?" Hapo nikajua wamesahau walichofuata.

Toe anasema simba huyo alikuwa mbuzi.

Baba yako,
Kuka

Subre, 2 Juni 1986

Baba, bado yupo? Niandikie hata mstari mmoja.

Tanga

Subre, 19 Agosti 1986

Baba,

Shikamoo. Basi la Gursi limekuja mara tatu, nimesimama pale kituoni, hakuna barua. Jina lile silitaji tena, hata kimoyomoyo. Niambie tu: mgeni wetu anakula?

Mwanao,
Tanga

Gursi, 3 Septemba 1986

Mwanangu,

Anakula. Sikuandika kwa sababu niliogopa kulisema akasikia. Usije bado. Watu wakishusha mizigo mlangoni, mgeni hudhani zamu yake ya kufunga yake imefika. Vumilia. Najua ninachokuomba.

Baba yako

Gursi, 9 Aprili 1988

Tanga wangu,

Kifua je? Umekonda? Hapa wote wazima, mtama umejaa ghala, na Toe amezeeka, mimi hapana.

Sikiliza. Lamusa alimwachisha ziwa mwezi uliopita. Akalia siku nne, akawa anatazama porini, nami namtazama yeye. Nilikaa kizingitini kwenye kigoda changu siku zote nne, sikuinuka hata kwenda kunywa pombe. Mimi, Kuka!

Leo asubuhi akatoka ndani, tumbo mbele, majivu mpaka masikioni. Akanishika ndevu, akanivuta, nikaanguka chini puu! Akakalia kigoda. Nikamwambia, "Bibi, naomba kiti changu."

Akasema, "Changu!"

"Cha babu hicho."

"Changu! Toka!"

Tanga, mgeni hasemi changu. Mgeni hamwambii mtu toka. Nililala pale pale chini nikacheka, machozi yakanimwagika, Lamusa akaja mbio akidhani nimezimia. Toe naye anajifuta pua kwa kitambaa cha mteja.

Jina lake mwite wewe, kwa mdomo wako. Njoo sasa, njoo na mizigo yote. Ila uje na kigoda chako, hapa tumeshanyang'anywa.

Mimi, niliyefukuzwa kwangu,
Babu Kuka