Mahari ya Imelda na Maneno Yaliyonitoka

Wametaja siku! Imelda wangu anaolewa, na ng'ombe wanakuja, wawili na ndama juu, kutoka boma la Watutsi kule mlimani Gwarama. Mimi, binti wa mtu aliyezeeka akiinama kwenye ua wa watu wa namna ile, ndiye nitakayewafungulia zizi.

Sasa nivute pumzi.

Leo ni Alhamisi, mwezi wa Novemba, 1975. Mvua ilitukuta njiani wakati wa kurudi, na paa linavuja palepale linapovujaga siku zote. Nimekaa karibu na moto, kitenge kinanikaukia mwilini. Mama mwenye habari kama yangu angekuwa anaimba mpaka majirani wakereke.

Siimbi.

Kwanza nimsifu mtoto, maana hiyo ni haki yangu na hakuna wa kuninyang'anya. Mimi niliishia darasa la nne, misheni. Imelda amevuka huko kote, akasomea ualimu Kasulu, akarudi kufundisha hapa kijijini. Jioni anawafundisha na wazee, na kuna babu mmoja alimwambia "shikamoo mwalimu" mbele ya darasa zima. Mwandiko wake ubaoni umenyooka kama matuta ya maharage. Kijiji chote kinajua haya. Nimewaambia mimi mwenyewe, kisimani, kanisani na dukani, na asiyesikia mara ya kwanza nimemrudia.

Na Damasi, mchumba wake, walikutana hukohuko Kasulu. Yeye bado yuko chuoni, hajaanza kupata mshahara. Ni kijana mrefu, mpole, akimwona mtu na mzigo anaupokea bila kuombwa. Sina neno naye.

Ila yeye ni Mtutsi, na sisi ni Waha wa jembe.

Kwenye mkutano mwenyekiti anasema siku hizi hakuna mkubwa wala mdogo, wote ni ndugu. Tunapiga makofi. Halafu kisimani akina mama wa Kitutsi wanasimama kando mpaka sisi tumalize kuteka, na sisi tunateka polepole makusudi. Watoto wetu wanawaimbia "wenye ng'ombe wa jina tu." Nimewasikia, na sijawahi kuwakemea.

Zamani ilikuwa kinyume. Wao walikuwa na ng'ombe, sisi tulikuwa na mikono. Mtawala alikuwa wa kwao, shule ya kwanza ilijaa watoto wao, na maziwa yalikuwa yao. Mha aliyetaka maziwa kwa watoto wake alikwenda kugabiwa. Kugabira, kwa asiyejua Kiha, ni hivi: mwenye ng'ombe anakupa ng'ombe ukae naye, maziwa unakunywa, lakini ng'ombe anabaki wake. Na wewe pia unakuwa wake. Unapeleka pombe, unapeleka nyasi, unajenga upya ua wake kila unapochakaa, na akifiwa unalia kuliko wafiwa.

Baba yangu aligabiwa ng'ombe mmoja mwekundu, tukamwita Gaju. Maneno aliyoambiwa siku ile alituambia mara nyingi: "Kaa naye, watoto wanywe maziwa, tutakuwa tunakuja kumwona." Walikuja kumwona kweli. Mwaka mmoja baba aliumwa, nyasi hakupeleka, wakaja wakamwona, wakaondoka naye. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, na mama hakuwa na maziwa ya kutosha. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa.

Ndivyo nilivyokua. Kisha nikaolewa na mume ambaye naye hakuwa na kitu ila mikono. Akaipeleka Tanga kwenye mkonge, kama wanaume wote wa Kiha wa rika lake, akarudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Blanketi ninalo. Baiskeli anayo mdogo wake, shemeji yangu Yakobo. Kikohozi kiliondoka naye.

Kwa hiyo Damasi alipoleta posa, sikuona kijana. Niliona ng'ombe wanateremka mlima kuja kwangu. Mungu anisamehe, ila nilifurahi hivyo.

Leo ilikuwa siku ya kwenda kuwaona ng'ombe wa mahari kabla hawajaletwa. Kawaida huenda wanaume. Nikasema mume wangu amelala chini ya udongo na macho yake ni haya yangu, naenda. Yakobo akaguna, akanitangulia. Nilivaa kitenge kipya na kichwani nikajitwika kikapu cha unga na maharage, maana Mha haendi ukweni mikono mitupu.

Tangu operesheni ya vijiji sikuwa nimepanda kule. Sisi sote tulihamishwa. Mimi migomba yangu imebaki mahameni inaliwa na nyani, na naililia mpaka leo. Lakini jembe nilihama nalo. Nilifika hapa barabarani nikalima, mihogo ikaota, maharage yakaota. Wao waliteremshwa na ng'ombe wao mahali pamoja, nyasi zikaisha, kupe wakaja, homa ya ndigana ikapita zizi hadi zizi. Waliobaki na mnyama walirudi kimyakimya juu, na wakubwa wamewafumbia macho. Habari hizo nilizisikia. Nilizisikia kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji cha pili.

Zizi la Mzee Laurenti, baba yake Damasi, ni kubwa kama uwanja wa shule. Ndani yake walisimama ng'ombe watatu na ndama. Dume na mtamba mwenye mimba, hao ndio tuliopatana. Wa tatu ni ng'ombe wa maziwa aliyemzaa huyo ndama juzijuzi tu, na yeye alikuwa abaki kwao, kwa ajili ya watoto wa marehemu kaka yake Damasi wanaolelewa pale.

Hao watoto nao niliwaona. Walisimama ukutani kutusalimia, "mwakeye, mwakeye," wana adabu kuliko wa kwetu. Nywele zao zimekuwa nyekundu, laini kama za mahindi mabichi. Miguu imevimba. Nesi wa kliniki alitufundisha maana ya hayo, hakuna mama asiyejua.

Tulikaribishwa vizuri. Pombe ya ndizi ikaletwa, mirija ikatiwa kwenye chungu, tukavuta. Chakula hakikuja. Kila Mha anajua kwamba Mtutsi wa nyumba kubwa hali mbele ya watu, na maisha yangu yote nimeita hiyo majivuno. Nikachukua kikapu changu nikazunguka nyuma kumpelekea mama yake Damasi jikoni.

Alikuwa ameinamia chungu kimoja. Ndani yake majani ya maharage yanachemka kwa maji matupu. Chumvi hakuna, na kando ya mafiga hakuna kitu kingine chochote, hata ganda la muhogo.

Akasimama haraka, akapokea kikapu, akakifunika na kitambaa.

"Sisi chakula hatuonyeshani, Mama Imelda," akasema. Alitabasamu kama malkia.

Njaa yao wameivika desturi, na desturi imewatosha vizuri.

Nilirudi uani. Wanaume walikuwa wanavuta pombe huku wanaangalia ng'ombe, Yakobo anasifia pembe kana kwamba anazijua. Nikawatazama wale watoto. Na mdomo wangu huu, uliozoea kusema mbele ya watu, ukasema:

"Mzee, ng'ombe hawa wabaki hapahapa. Mkae nao, watoto wanywe maziwa. Tutakuwa tunakuja kuwaona."

Nilimaanisha wema. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kulisema hilo. Nilimaanisha wema, na maneno yaliyotoka yalikuwa yale aliyoambiwa baba yangu, yote, hakuna lililopungua.

Mzee Laurenti akauachia mrija. Hakunitazama mimi.

"Yakobo. Shemeji yako ametugabira?"

"Aa, mzee! Mama anatania tu, jua limempiga."

"Jua lipi? Tazama wingu hilo."

Mama yake Damasi alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Basi tukate na nyasi, Baba Damasi. Tukamjengee ua wake kule barabarani."

"Mbabarira," nikasema, nisameheni, "nilikuwa nawawazia watoto."

Hilo likawa baya kuliko la kwanza.

"Watoto wana nini?" akauliza mzee.

Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa palepale, anajikuna shingo.

Mzee akaongea polepole, kwa Kiswahili, ili yasiwe maneno ya nyumbani bali ya mkutano. Akasema Imelda ni mwalimu. Mwalimu hatolewi kwa mtamba asiyejulikana kama atazaa salama. Mtamba atabaki. Atakayekuja ni dume na ng'ombe wa maziwa, na ndama wake. Akasema wataletwa Jumamosi, na sisi tuwaite watu wetu waone.

Mama yake Damasi alifumba macho, kisha akafumbua, akatushukuru kwa kuja.

Ndiyo hao ng'ombe niliowatangaza hapo juu.

Tulipovuka mto Yakobo akasema, "Shemeji, kwa mdomo wako huo, wewe ungeliwa na chui, chui angekuomba radhi." Hakucheka, na mimi sikucheka. Mvua ikaanza.

Imelda nimemweleza yote. Alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Mama, umewavua nguo."

"Nilitaka kuwafunika."

"Najua. Lakini uliwafunika mbele ya watu." Kisha akaniambia kwamba alijua hali ya nyumba ile tangu mwaka jana. Damasi alimwambia. Hakuniambia mimi kwa sababu angeamka asubuhi akute kisima kizima kinajua.

Hilo limenichoma, na ni kweli.

Amelala sasa, au anajifanya. Mimi nahesabu watu wawili kichwani: baba yangu akiwa mlangoni kwa bwana wake, na mzee yule leo. Nilidhani siku jembe litakapoishinda fimbo ya ng'ombe nitajisikia mrefu. Siku imefika. Nyumba yangu inavuja, mume wangu yuko kaburini, mihogo ninayo. Nyumba yao haivuji, jina wanalo, watoto wanavimba. Nani kamshinda nani hapo? Na bado Jumapili tutakaa benchi la huku, wao la kule.

Maziwa siwezi kuyarudisha. Nikipeleka kibuyu kimoja kule juu, nitakuwa bwana wao kweli, na mzee atayamwaga mbele yangu. Iko desturi ya kuwarudishia maarusi ng'ombe wakipata mtoto wa kwanza, lakini hilo ni la mwaka kesho au baadaye. Mdogo wangu hakungoja mwaka kesho.

Basi nimewaza hivi, na nikiamka nikiona ni upumbavu nitakuwa nimechelewa, maana Yakobo nimeshamwambia aondoke alfajiri kwa baiskeli.

Atakwenda kuomba. Hatakwenda kutoa kitu. Atamwambia mzee kwamba shemeji yake ni mtu wa jembe, tangu Gaju aondoke hajashika mnyama, na kukamua hajui. Na ndama hafuati wageni, na ng'ombe asipomwona ndama ametulia anazuia maziwa, hilo hata sisi tunalijua. Kwa hiyo tunaomba, kwa unyenyekevu, watoto wanaomjua huyo ndama waje naye, wote, wakae kwangu mpaka azoee. Watufundishe. Bila wao mahari itatufia mikononi na aibu itakuwa yetu.

Wakiwa kwangu watakunywa yale wanayokamua, na maharage yatakuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa, hakuna jicho. Na kliniki ni hapo barabarani. Ndama wangu huyo, nijuavyo mimi, atachelewa sana kuzoea.

Na kisimani nitasema hivyohivyo, kwa sauti, mimi mwenye sifa zote hizi: kwamba kukamua siwezi, nimewaomba watoto wa Kitutsi waje kunisaidia. Watanicheka. Wacha wacheke.

Je, mzee atakubali? Sijui. Anaweza kuisoma nia yangu kama Imelda asomavyo ubaoni. Anaweza kuleta ng'ombe peke yao, na watoto wakabaki kule wakila majani na adabu yao.

Nimeloweka maharage. Kuni ziko ndani, hazijalowa. Misa ya kwanza ikitoka, Jumamosi, nitakuwa nimesimama barabarani. Waje wakwe, waje majirani, waje hata wale wa kisimani. Jumamosi waje wote, na watoto wawemo.