Sabufa Imemfukuza Baba Mkwe Sebuleni

Mama Aurelia, shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, kwa sababu sebuleni kwangu siku hizi hakukaliki, na ninaomba unisaidie kabla nyumba yetu haijagawanyika kwa ajili ya spika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbinga, mume wangu Urbani analima kahawa na ana duka la vifaa vya ujenzi, na tangu mama mkwe alipofariki tunaishi na baba yake, Mzee Bernadi, ambaye tulimtoa Kingerikiti kwa kumbembeleza sana, maana alikuwa anakaa peke yake kwenye ile nyumba na kupika anapika akikumbuka. Baba anapenda taarifa ya habari kuliko chakula, lakini alipofika kwetu akawa anakaa mbele ya TV kimya, mtangazaji akimaliza anauliza, "Amesema nini huyo?", na Urbani akaona kosa ni la TV, sauti yake kama ya mbu, basi kahawa ilipouzwa akaenda Songea akarudi na hom thieta nzima, spika mbili ndefu zinazonifika kifuani, nyingine mbili za kuweka nyuma, na sabufa ambayo wanaume wawili waliishusha kwenye gari wakipumzika njiani.

Sebule yetu, Mama, ni ya kawaida tu, ukinyoosha miguu ukiwa kwenye kochi unakaribia kuigusa meza ya TV, chini ni tailizi tupu, ukutani hakuna kitu isipokuwa picha ya Bikira Maria na kalenda ya parokia. Sabufa akaiweka kwenye kona, nyuma ya kiti cha baba, akasema hapo ndipo besi inapokolea, na kulikuwa na kaspika kengine kafupi, kamelala kama tofali, akakarudisha kwenye katoni akisema haka wameongeza tu kujaza boksi, akawasha, na vikombe vyangu kabatini vikaanza kucheza, Bikira Maria akaenda upande, majirani waliokuja kuangalia mechi wakapiga makofi, na Urbani akamgeukia baba uso umemng'aa, "Baba, sasa unasikia?"

"Nasikia, mwanangu," baba akajibu. "Asante sana."

Hakuwa anasikia. Kesho yake habari zilipoanza nilimkuta huku jikoni ananichambulia maharage, nikamuuliza, "Baba, mbona uko huku?", akacheka kidogo, akasema, "Ile ni radi, mama. Mngurumo naupata mpaka kwenye mbavu, lakini neno hata moja silipati. Masikio yangu yamechoka. Usimwambie Urbani, ameninunulia kwa moyo." Nikamwahidi sitasema.

Sasa sikia nilichofanya. Siku moja Urbani akiwa dukani nikachomoa waya unaoingia kwenye sabufa nikauficha nyuma ya kochi, mngurumo ukaisha, baba akarudi kwenye kiti chake ingawa bado alikuwa anauliza uliza, lakini Urbani alipokuja na rafiki zake na kuwasha, akasema sabufa imekufa, akaipigapiga mgongoni kama mtu aliyepaliwa, na mimi badala ya kusema ukweli nikamwambia labda ni huu umeme wetu wa kukatika. Basi ameamua kuirudisha Songea abadilishiwe kwa kubwa zaidi! Na juzi, tukiwa tunakula ugali na samaki aina ya mbasa tulioletewa na dada yangu kutoka Liuli, baba akasema kwa upole kwamba Jumamosi anarudi kwake Kingerikiti. Urbani aliacha kula. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Ephrasia, umemfanyia nini baba yangu?"

Nililia, Mama. Nikisema ni hom thieta ninamsaliti mzee, nikinyamaza mimi ndiye mkwe aliyemfukuza, na mzee akienda atakufa kwa upweke kule. Nifanye nini? Na kwa sebule kama yetu, spika gani zinafaa?

Ephrasia, Mbinga

*

Marahaba, Ephrasia. Jibu hili nakutumia kwenye simu kwanza, kwa sababu Jumamosi haisubiri gazeti.

Pole sana. Sasa futa machozi nikugombeze. Ndani ya nyumba moja kuna watu watatu wanaopendana, na kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa huruma. Baba anasema anasikia. Wewe unasema umeme. Urbani anajidanganya kwamba spika inachaguliwa kwa urefu, kama nguzo. Mwalimu mzima unaficha waya nyuma ya kochi! Angefanya hivyo mwanafunzi wako, ungemwita mzazi.

Siri ya masikio ni ya mzee, usiitoe wewe. Siri ya waya ni yako, itoe leo, kabla hamjakaa kula. Mwambie Urbani, "Sabufa ni nzima, waya niliuchomoa mimi." Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Kisha nenda kwa baba umweleze kwamba kunyamaza kwako sasa kunahesabiwa kuwa ubaya, na umwombe aseme mwenyewe. Atasema. Mzee aliyekwenda kuchambua maharage ili asimvunje moyo mtoto wake hawezi kumwachia mkwe wake lawama.

Sasa spika. Nimemuuliza Steven, fundi mitambo wetu hapa, akacheka mpaka nikaudhika. Anasema hako kaspika mlikokarudisha kwenye katoni ndiko kanakobeba maneno ya watu. Katoeni, mkaweke katikati, chini ya TV, kamtazame baba usoni. Zile ndefu ni za ukumbi, katika chumba chenu zinapigana na kuta, kwa hiyo mkienda Songea mkabadilishe hizo, mchukue ndogo za kukaa juu ya meza, sawa na sikio la mtu aliyeketi. Sabufa itoke kwenye kona, maana kona inaongeza mngurumo. Isogezeni mbele, karibu na TV, muipunguze mpaka msahau kama ipo. Za nyuma zisimpigie mzee kisogoni. Na tailizi tupu na ukuta mtupu vinarudisha sauti, maneno yanagongana hewani, kwa hiyo zulia na pazia zito mnavihitaji kuliko sabufa ya pili.

Dukani mwende naye. Muuzaji atawawekea muziki wa kutingisha, mkatae. Mwambieni aweke taarifa ya habari, baba akae kwenye kiti, arudie alichosikia. Zile zitakazomfanya arudie bila kubahatisha ndizo zenu, hata kama ni za kuchekwa na majirani.

Lakini hospitali ianze. Huenda ni nta, huenda ni umri, daktari ndiye atakayesema. Na wewe Urbani, najua mkeo atakuonyesha hii: ulichomfanyia baba yako ni kizuri, na si kila mtoto anafanya. Ila ulimuuliza kama anasikia mbele ya umati, spika zikiwa juu. Zima kila kitu, kaa naye, umuulize tena.

*

Kabla gazeti halijachapwa Ephrasia alinijibu, na yeye na mumewe wamekubali niyatoe yote kama yalivyo:

Mama, nilisema. Urbani alitoka nje, akarudi, akasema, "Na mimi nimeipigapiga mbele ya watu!" Hakuongea na mimi mpaka chai ya asubuhi. Baba alipomweleza habari ya masikio, Urbani alikaa chini kwenye tailizi karibu na kiti chake, wakaongea kwa muda mrefu, nikawaacha. Hospitali walimtoa nta sikio moja, la pili wakasema ni uzee, wamempangia siku ya kupimwa tena. Jumamosi tulikwenda Songea wote watatu, na baba alikaa katikati ya duka akimwambia muuzaji, "Rudisha hapo, huyo dada amesema mvua itanyesha wapi?", wateja wakamzunguka. Tumerudi na spika ndogo, na zulia.

Jana taarifa ya habari ilipofika kwenye mambo ya mbolea, baba alianza kubishana na mtangazaji kwa sauti ya juu. Urbani akamwambia, "Baba, taratibu, tunashindwa kusikia."

Baba hakugeuka. "Wewe kama husikii," akasema, "nenda kapimwe."