Kioo Kilichopelekwa Kuvua Ndagala

Rumonge, Jumapili

Mama,

Kioo kikubwa cha darubini yangu kimevunjika Ijumaa alfajiri, katikati ya ziwa, vipande vinne. Hilo ulijue kwanza, ndipo nikuulize hali. Miguu imeacha kuvimba? Dawa ya presha unaipata huko Kalemie? Mimi mzima, ila jino moja la mbele sina, na aliyeling'oa unampikia wewe.

Naandika kwa sababu nikipiga simu anapokea huyo huyo mdogo wangu, Hamisi. Barua hii anakuja nayo mama muuza mawese wa Kizuka, aitie mkononi mwa dada Mwajuma akusomee.

Ulinitumia ujumbe wa sauti: "Unaua mutoto wangu sababu ya kioo cha kujiangalia?" Mama, si cha kujiangalia. Kina upana wa milimita mia mbili, kimechimbwa kama sahani, kinakusanya mwanga wa nyota. Nimekipata kwa kupiga picha za harusi, hakuna aliyenichangia hata msumari. Kwa jicho, darubini ilionyesha hadi pete za Zohali. Lakini kamera ilikataa: picha ilikuwa inakamilikia ndani ya bomba kabla ya kuifikia. Basi nikakata bomba, nikachomelea vishikio vipya, nikakisogeza kioo juu milimita arobaini. Nikaagiza na kioo kidogo cha juu, kipana kuliko cha zamani, maana kile kilikuwa kinaacha pembe za picha gizani.

Hamisi ndiye aliyenishikia bomba. Nilimwonyesha kulegeza skrubu tatu za nyuma na kukitoa kioo bila kugusa uso wake. Alijifunza vizuri.

Unajua wavuvi hutoka mwezi ukiwa haupo, maana ndagala hufuata taa. Na mimi napiga picha za nyota giza hilo hilo. Alhamisi nililala na homa. Yeye akafungua skrubu, akakipeleka kioo kwa nahodha wake, wakakifunga juu ya karabai kimulike maji. Kikapata moto, wimbi likakirukia, kikapasuka.

Asubuhi nilimkuta mwaloni, anacheka.

"Kaka, ungeona! Ndagala walikuja kama mvua. Kioo chako iko na nguvu!"

"Kiko wapi?"

Akanifungulia gunia. Nilitia mkono, nikautoa na damu hadi kwenye kiwiko.

Nahodha akadakia: "Weye mupiga picha, nyota iko inalisha nani hapa? Chukua ndoo mbili za ndagala, tumalizane."

Ndoo zake nilizipiga teke, ndagala wakamwagika mchangani. Hamisi akanirukia, akanipiga kafi mdomoni. Nikamnyang'anya. Bega lake ni mimi, Mama, sikatai. Nilimpiga kwa kafi hilo hilo hadi bega likalia, na nilitaka kuongeza. Watu wanne walinikalia mgongoni, uso wangu ndani ya samaki, mmoja ananipigia kelele za amani, "Amahoro, kaka! Amahoro!" huku amenikaba shingo.

Niliporudi nyumbani, Hamisi alikuwa amepita, amechukua begi, amepanda mashua ya kuja kwako. Kasha la kioo kidogo kipya, nilichokuwa sijakifunga bado, lilikuwa wazi, halina kitu.

Kikubwa nitakipata tena, nina mikono. Lakini kile cha pili hakukichukua kwa ajili ya ndagala. Alikichukua ili aniumize.

Msalimie mjomba fundi mitumbwi, na mke wake. Dada Mwajuma, soma mpaka mwisho, usiruke mstari hata Hamisi akiwa amekaa hapo.

Mama, fungua begi lake wewe mwenyewe. Kikiwemo, kifunge kwa kitenge safi, umpe akilete kwa mkono wake, bega likipona, na mlango wangu atausukuma kama zamani. Kama amekiuza, asikanyage Rumonge. Bega la pili lipo, na hao watu wanne wa mwaloni hawatakuwepo kunishika.

Mama muuza mawese anarudi Alhamisi, na jibu lako arudi nalo. Sitaki unieleze kwamba ni mdogo, wala kwamba tumenyonya titi moja.

Kimo au hakimo?

Mwanao,
Rashidi