Mteja Aliyewasumbua Wanafunzi Wangu

Mama yangu,

Tangu tukuzike sijathubutu kukuandikia. Leo imebidi, maana nina habari ambayo hakuna mwingine wa kuipokea inavyostahili.

Unakumbuka nilipokuomba uje darasani ujifanye mteja, ili wanafunzi wangu wa sheria wajifunze kumhoji mtu? Nilikuandalia kisa kizima, ukakiacha nyumbani Mwananyamala makusudi. Ukaanza kuwasimulia mafua ya kuku. Baraka, yule mrefu anayependa tai, akakukatisha: "Mama, twende kwenye pointi." Ukachukua mkoba. "Mwanangu, kumbe una haraka. Ngoja nikuache." Ukatoka kweli. Darasa zima likakufuata hadi getini kukubembeleza, na wewe hata kucheka hucheki.

Sasa sikia. Baada ya msiba wako alikuja chuoni kwetu, kuomba msaada wa sheria, mjane wa Mtoni, Bi Zuhura. Shemeji zake walitaka kumtoa kwenye nyumba, wakidai marehemu aliijenga kabla ya kumuoa. Hana risiti, hana karatasi. Baraka akamhoji, mimi nimekaa pembeni. Bi Zuhura akaanza na harusi ya binamu, akaenda kwenye maumivu ya miguu, akapotelea kwenye bei ya dagaa. Ulimi uliniwasha. Baraka anaitikia tu, "Ehe, mama." Basi mama wa watu akasema, hivi hivi tu, kwamba dagaa zilimkinaisha tangu alipokuwa akiwapikia mafundi kila siku, wakati wanachimba msingi wa nyumba ile.

Mama, nywele zilinisimama.

Baraka akauliza taratibu, "Fundi mwenyewe bado yupo?" Yupo, mtaa wa pili. Akaja mahakamani, akaeleza kwamba aliyekuwa akimpikia tangu msingi ni Bi Zuhura, tayari mke wa marehemu. Hakimu amewakatalia wale shemeji. Bi Zuhura hatoki.

Miaka yote nawafundisha hawa watoto vifungu, na sijui niseme nini juu ya ulichokifanya wewe kwa asubuhi moja. Nashangaa nikipika, nashangaa nikilala. Mwanamke ana paa juu ya kichwa chake kwa sababu yako, na hukuwahi kumwona.

Baraka alimsimulia habari zako. Bi Zuhura akaniuliza, "Na sasa anayewasumbua ni nani?" Nikamjibu hakuna. Akajifunga mtandio vizuri. "Basi nitakuja mie."

Anaanza Jumatatu. Nakuahidi sitampa kisa cha kukariri, na akiamua kuondoka sitamzuia. Pumzika, Mama.

Mwanao,
Rehema