Kwenye Karatasi Mimi ni Dada Yake

Jumamosi, mwezi wa saba. Rhonda, Nakuru.

Imenyesha tangu asubuhi na nguo nilizoanika jana bado zinanuka unyevu. Nimefika kutoka Olenguruone saa nane mchana, nikavua viatu mlangoni kwa sababu ya udongo, nikaketi kitandani na koti langu mwilini. Sijapika. Sina hamu ya kitu. Nimetazama simu mara tatu nione kama Cherono ameniandikia kwa simu ya mama, na hajaandika.

Hapa huwa naandika mambo ya wodi: wagonjwa wanaoficha chapati chini ya mto, sista wa zamu anayenusa soda kutoka korido ya pili, wenzangu wanaohama mmoja mmoja kwenda ng'ambo. Wengi wenu mnajua kwamba nami nimeomba kuhamia Kanada. Niliwaambia kwa mbwembwe, mkanipongeza, mkaniuliza kama nimenunua koti la baridi. Kuna jambo moja sikuwaambia.

Nina mtoto.

Ana miaka kumi na miwili. Hapa namwita Cherono, shuleni ana jina lingine. Ukitazama cheti chake cha kuzaliwa utaona kwamba mama yake ni mama yangu, na baba yake ni marehemu baba yangu. Kwenye karatasi mimi ni dada yake mkubwa, na yeye pia hivyo ndivyo alivyojua hadi leo asubuhi.

Nilimzaa nikiwa kidato cha tatu, nyumbani, mikononi mwa mkunga jirani. Kwetu si ajabu. Msichana akizaa kabla hajaolewa, mtoto anakuwa wa boma la babu yake, analelewa pamoja na wengine, na maneno yanaishia hapo. Baba alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa naibu wa chifu, akamwandikisha mtoto kama wake. Naibu wa chifu alijua. Alikuwa amekunywa chai kwetu mwezi uliotangulia na tumbo langu alikuwa ameliona. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba hapo pameandikwa uongo. Baba aliporudi aliniambia nifue sare, shule inafunguliwa Jumatatu.

Namshukuru mpaka kesho. Bila koti lile na safari ile nisingekuwa muuguzi. Nasema hivi mapema kwa sababu Jumatano wakili alipoliita jambo hilo "taarifa ya uongo kwa msajili", nilitamani kumrushia faili lake.

Nilikwenda kwake nikidhani nina swali dogo tu. Ofisi iko mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi zote zinanuka dawa ya kupe. Nilitaka kujua nitafanyaje kumleta "mdogo wangu" asome Kanada nikishatulia. Wakili ni mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, anasoma kila mstari akiufuata kwa kidole. Alisoma nakala ya maombi yangu mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini namtaka huyu wa mwisho tu, ilhali nina ndugu wengine wawili.

Nikaanza hadithi. Mama amezeeka, barabara ya shule ina matope, msichana ana akili sana. Aliniacha niongee. Nilipomaliza akaweka kalamu chini.

"Chelangat, huyu mtoto ni wa nani?"

Nikasema ni wangu. Miaka kumi na miwili sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu asiye wa familia, na nikalitamka mbele ya mtu niliyekuwa nimemjua kwa dakika ishirini. Akanisogezea karatasi za kupangusa machozi. Sikuwa nimejua kwamba nalia.

Alinieleza polepole, na akarudia. Sheria ya kule inasema mtoto ambaye mzazi hakumtaja kabla ya kupewa ruhusa ya makao, kwa kawaida mzazi huyo hawezi kumleta baadaye kama mtoto wake. Nikienda hivi nilivyo, nikatulia, nikatubu, nikarekebisha cheti mwaka wa tatu, nitaambiwa nimechelewa. Na kumleta kama mdogo wangu ndiyo haiwezekani kabisa, maana mama yake wa kwenye karatasi yuko hai. Lakini nikimtaja sasa, wanaweza kuuliza kwa nini sikumtaja mwanzoni. Wanaweza kusema nimedanganya, wakatupa maombi yangu na kunizuia kuomba tena kwa miaka.

"Sasa hapo, my dear, hakuna njia haiumi," akasema. "Tukiandika ukweli, tunaomba wakuelewe. Lakini kudanganya mara ya pili, mimi siwezi kukusaidia."

Ningependa kumlaumu ajenti aliyenijazia fomu kwenye kompyuta pale saiba. Ingekuwa rahisi, maajenti wametukanwa na wengi. Lakini yule kijana hakufanya kosa. Aliuliza, "Watoto?" Nikasema sina. Nilijibu haraka kuliko aliponiuliza jina langu la kati. Ukishasema kitu miaka kumi na miwili kinatoka chenyewe, ndivyo nilivyomwambia wakili, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba amenielewa.

Sikumwambia yote. Nitasema hapa. Ajenti alipobonyeza na ukurasa mwingine ukafunguka, nilihisi mwili mwepesi. Nilijiona kule nikiwa mtu asiye na habari nyuma yake, na chumba changu, na baiskeli.

Niliufurahia wepesi ule.

Wakili aliandika orodha. Cheti kirekebishwe. Mimi na Cherono tupimwe DNA. Na mama aape mbele ya wakili kwamba hakumzaa huyu mtoto. Akanichapishia rasimu ya kiapo nimpelekee mama asome kwanza, akanionya asitie sahihi nyumbani, aje mwenyewe na kitambulisho chake. Nilikunja rasimu ile nikaitia kwenye mkoba, na zamu yote ya Alhamisi niliogopa kuufungua.

Jana nilipata mapumziko nikapanda Olenguruone. Baridi ya kule mwezi huu haina adabu. Nilimkuta mama jikoni anachambua viazi vya mbegu, vizuri kulia, vilivyooza kushoto, moshi umejaa hadi mlangoni. Cherono alikuwa bado shuleni. Nikaona ni afadhali nimalize kabla hajarudi, kwa hiyo hata chai sikusubiri.

Nilimsomea nikitafsiri kwa Kikalenjin. Alisikiliza huku mikono ikiendelea. Nilipofika pale pa kusema yeye si mama mzazi wa mtoto, akaacha viazi.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hivyo nisimame mbele ya serikali niseme huyu si mtoto wangu."

Nikamwambia hapana, Mama, ni kusema tu nani alimzaa. Akaniuliza ni wapi kwenye hiyo karatasi pameandikwa hiyo tofauti. Nikaisoma tena kimyakimya, mistari yote. Hakuna mahali.

Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ningejua la kufanya. Alianza tu kutaja mambo, moja baada ya jingine. Surua, mwaka nilipokuwa chuoni nafanya mtihani. Jino la kwanza kung'oka. Siku ya wazazi shuleni, kila muhula, yeye ndiye aliyekaa kwenye benchi. Aliyataja bila hasira, vile jamaa wa mgonjwa wanavyotupa historia tukiwauliza, na mimi nilisikiliza kama nilivyofunzwa, nikisema mm, mm. Nilikuwa na aibu kubwa. Nilikuwa nimekuja kuomba sahihi.

Nilimuuliza kama anaogopa akina mama wa kanisani, maana yeye ndiye kiongozi wao. Akanitazama kwa mshangao. Akasema hao ndio waliobeba maji ya kuniosha nilipojifungua, wanajua siku na saa. Asiyejua ni mtoto peke yake.

Kisha akajipangusa mikono kwenye leso, akaomba kalamu. Chini ya maneno ya wakili, kwa herufi zake kubwa za darasa la tano, akaandika kwa Kiswahili: Lakini nimemlea mimi.

"Huyo wakili aweke hiyo kwa mashine," akasema. "Asipoweka, sishuki Nakuru."

Nikakubali. Ningekubali chochote. Nilipopokea ile karatasi ilikuwa na alama ya kidole chake cha gumba, udongo wa viazi, na nikakumbuka kwamba wakili alisema isichafuliwe. Mama akaongeza kwamba Cherono lazima aambiwe kabla ya mtu yeyote kwenda mjini, na kwamba mimi ndiye nitakayemwambia.

"Mimi sisemi. Nimenyamaza kwa niaba yako ya kutosha."

Jana jioni sikuweza. Tulikula, Cherono akanionyesha daftari lake la sayansi na mchoro wa moyo, akaniuliza kama mishipa ameipanga sawa. Ilikuwa sawa. Nikamwambia ni mzuri, nikaenda kulala.

Leo asubuhi nilimfuata kwenye tangi la maji alipokuwa anasuuza makopo ya maziwa. Nilimwambia vile tunavyowaambia watu habari mbaya wodini, sentensi fupi, bila kuzungukazunguka, ukimtazama usoni. Nilijichukia kwa kutumia ujuzi huo kwake. Aliendelea kusuuza kopo ambalo lilikuwa tayari safi.

Akauliza nani anajua. Nikasema kila mtu. Hilo lilikuwa kosa, na nililiona likimwingia.

"Kila mtu? Hata mwalimu?"

Hata mwalimu. Basi nikaanza kuongea mengi. Nilimweleza cheti, kiapo, kipimo cha pamba ndani ya shavu, wakili mwenye sweta ya kijani, Kanada na shule zake. Maneno ya karatasi yanatoka vizuri kuliko maneno mengine, na nilikuwa nayo tele. Nilimwambia kwamba hakuna anayemlazimisha, kwamba huenda wakatukataa sote wawili, kwamba nitajaribu. Alinisubiri nimalize. Ana subira ya mama huyu mtoto, si yangu.

"Na kama hao watu wa Kanada hawangeuliza, ungeniambia?"

Nikasema maziwa yataharibika, apeleke makopo ndani.

Ndivyo nilivyosema. Mtoto wangu ananiuliza swali la kwanza tangu ajue ni mtoto wangu, na mimi namtuma na makopo. Akayachukua, akaenda. Nilipokuwa naondoka alikuja hadi langoni, kwa sababu amelelewa vizuri, akaniambia "Safari njema, Chela," akarudi kumsaidia mama na viazi.

Jumanne mama atashuka na kitambulisho. Nimemwandikia wakili kuhusu ile sentensi, naye amejibu kwamba si kawaida lakini ataiweka, iwe aya ya tano. Wiki ijayo barua ya kusahihisha maombi yangu itaondoka. Naogopa. Nafasi niliyoitafuta miaka mitatu inaweza kupotea kwa barua moja niliyoiandika mwenyewe. Na kuna kipande changu kidogo, sikipendi lakini kipo, kinachotumaini watukatae haraka, ili nibaki hapa na zamu zangu na nisiwe na la kueleza.

Wakili akisoma blogu hii atanigombeza, najua. Anigombeze.

Nimekaa hapa tangu nifike natunga jibu la kumpa Cherono. Nimetunga moja kuhusu umri wangu wakati ule, ni la kweli. Nimetunga jingine kuhusu baba na heshima ya boma, nalo ni la kweli. Yote mawili yanamzunguka mtoto bila kumfikia. Alichouliza kina jibu moja na nimelijua tangu pale kwenye tangi.

Hapana. Nisingemwambia. Ningepanda ndege, ningemtumia viatu na kalamu za rangi kila Krismasi, na siku moja angeolewa nami ningekuja kukaa meza ya dada.

Kesho wakitoka kanisani nitapiga simu ya mama na kuomba anipe Cherono. Nitamwambia hilo neno moja, kisha ninyamaze, yeye aseme anachotaka.